Turubai la Lori Langu

Nilikata aproni ya mama. Naanzia hapo kwa sababu nikianza na lori mtanipenda, na sistahili.

Si aproni ya jikoni. Ni ile nailoni nzito ya kijani anayojifunga kiunoni akienda kuchuna chai, maana asubuhi majani yana umande wa kukulowesha hadi ndani, na kifua cha mama hakipatani na baridi. Niliikata katikati kabisa. Pembeni ilikuwa imechakaa, na mimi nilitaka kipande safi. Kisha nikaikunja, nikairudisha kwenye msumari nyuma ya mlango, shimo likitazama ukuta. Akili ya kidato cha tatu hiyo.

Magari nilikuwa nimeyaacha tangu niende bweni. Huko ukisema unajua kuunda lori kwa katoni na ndala kuukuu za patapata, unaitwa mtoto wa nasari mpaka shule ifungwe. Basi nikajifanya mtu wa mpira. Likizo hii, kwa simu ya binamu yangu aliyekuja kutoka Sotik, nikaona mzee mwenye mvi anapaka rangi kigari kidogo kuliko kiberiti, na watu wanamsifu. Nikasema, kumbe! Nikatafuta wembe.

Safari hii sikutaka mchezo. Nilipima kwa kamba lile lori lenyewe la kubeba majani, likiwa limesimama kwenye kituo cha kupimia chai, dereva akiniuliza kama nataka kulishonea suruali. Kila futi ikawa nusu inchi. Bodi nikaikata kwenye debe la mafuta ya kupikia, matairi kwenye patapata, hata ndoano za waya za kuning'inizia magunia nikaweka. Likabaki turubai tu. Na turubai la lori lile ni la kijani. Kijani kilekile.

Asubuhi niliamka jua likiwa juu, mama ameshatoka. Aproni ilikuwa bado kwenye msumari. Sikujiuliza kwa nini. Nilibeba lori langu nikaenda kituoni kujionyesha.

Kina mama walikuwa kwenye foleni ya kupima majani. Wakanizunguka.

"Wewe kijana, hii inabeba kilo ngapi?"

"Inategemea, mama. Wewe uko na ngapi?"

Wakacheka, aliyeuliza akanichapa na kitambaa chake. Kichwa kikanivimba. Ndipo nikaona mwanamke anapanda kutoka shambani, ameinama chini ya mzigo, uso hauonekani. Kiunoni alikuwa amejifunga gunia la mbolea, maandishi yote mbele, maji yakimchuruzika.

"Jamani, mbolea imeota miguu!" nikapiga kelele.

Kituo kizima kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Yule mwanamke akafika, akashusha mzigo, akainua uso.

Wengine walinyamaza mara moja. Kicheko changu kilichelewa kidogo kuisha, na hicho kidogo ndicho kinachonitoa usingizini hadi leo.

Sketi ya mama ilikuwa imegandana na miguu. Alikohoa. Akasimama kwenye foleni, akangoja zamu yake, majani yake yakapimwa kama siku zote. Mimi nilibaki pale nimeshika kamba ya lori, nikiomba dereva wa lori kubwa anikanyage kidogo tu.

Kisha akaja, akachuchumaa mbele ya lori langu. Akatandaza kiganja juu ya turubai, polepole, kama mtu ambaye alishalipima shimo.

Nilitaka kusema pole. Kilichotoka ni, "Mama, ni ya kijani."

Hata masikio yangu mwenyewe yaliusikia upuuzi huo.

Kina mama walingoja anizabe kofi. Hakunizaba. Pembe moja ya turubai ilikuwa imepeperushwa na upepo. Akaifunika vizuri, akaichomeka ndani ya bodi, akaniangalia.

"Dereva," akasema, "kesho asubuhi unibebe. Huko ndani ya lori yako ndiko kukavu."