Aliyevaa Maski Niliyoivua

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki mtu wa kunikatiza. Haya yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu, hapa hapa Rungwe. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na kilevi sijawahi kukionja.

Nilikuwa nimeolewa Mpuguso, na rafiki yangu wa kufa na kuzikana aliitwa Subilaga. Tulikuwa tunatengeneza maski za uso, zile za kitambaa kilicholowa ambazo unabandika, unajilaza kidogo, na ukizitoa ngozi imelainika. Za dukani zilikuwa ghali, nasi tukajiuliza, kwani zina nini? Tukachemsha majani mabichi ya chai, tukachanganya na maji ya mchele wa Kyela, ute wa alovera na asali kidogo. Friji hatukuwa nalo, lakini kwa baridi hii ya Tukuyu nani anahitaji friji? Wateja walizipenda. Hata wake wa wachungaji walikuwa wanaagiza kimya kimya.

Kipimo cha kukatia kilikuwa uso wangu. Subilaga alinilaza, akanifunika kitambaa chepesi cha pamba, akachora kwa wanja mahali pa macho, pua na mdomo. "Uso wako ni saizi ya kila mtu, besti," aliniambia. Nikamwambia aseme tu kwamba sina sura, aache kuzunguka. Tulicheka sana siku ile.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Kila tulipomaliza kazi nilibandika maski moja kuijaribu, na nikiivua tu, Subilaga anaidaka kabla sijaitupa. "Unyevu bado umo, dada. Utatupaje?" Anaibandika usoni kwake ikiwa bado na joto langu. Mimi niliona anabana matumizi. Nani kati yenu angeshuku? Sisi tumelelewa kutotupa kitu, hata maji ya kuoshea mchele tulikuwa tunawauzia watu wapake usoni!

Miezi ikapita. Siku moja sokoni muuza njegere akanilalamikia kwamba asubuhi nimempita bila salamu, wakati asubuhi hiyo nilikuwa nyumbani nafua. Kisha nikaona kwenye shavu la Subilaga kimeota kidoti cheusi, mahali pale pale kilipo cha kwangu. Nilipomwuliza akasema, "Marafiki wakikaa pamoja sana hufanana." Nami mjinga nikafurahi.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa mila ya Kinyakyusa, mwanamke aliyeolewa hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Ukimwona anakuja, unatoka njiani, unajificha mpaka apite. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wapo walioacha, lakini ukoo wa mume wangu haujaacha, na mimi niliitunza heshima hiyo tangu siku niliyoingia kwao.

Alasiri moja nilikuwa narudi nyumbani, ukungu umeshuka mpaka njia haionekani vizuri. Nikasikia kikohozi cha baba mkwe na sauti ya mama mkwe, wanakuja. Nikaruka pembeni, nikajibanza ndani ya shamba la chai. Ndipo nikamwona mwanamke amesimama katikati ya njia, amevaa kitenge kama changu, na usoni, niaminini, alikuwa mimi. Sisemi alifanana nami. Alikuwa mimi.

Hakutoka njiani. Alimsogelea baba mkwe, akamshika mkono, akamtazama machoni. "Mugonile, tata," akamsalimu kwa sauti yangu, kisha akacheka. Mzee alijifunika uso kwa kofia yake. Mama mkwe akapiga yowe, akaliita jina langu.

Nami ningefanya nini? Kutoka pale na kusema si mimi kulikuwa na maana ya kusimama mbele ya baba mkwe, yaani kulifanya kosa lile lile ninalolikana. Nilibaki nimechutama, nimeuma khanga, machozi yananitoka, mpaka wazee wakapita.

Walipotokomea nilitoka. Yule mwanamke alikuwa bado ananingoja. Akajigusagusa mashavu na kidevu kwa ncha za vidole, taratibu, vile tunavyobandika maski ili hewa itoke chini yake.

"Subilaga!" nikamwita.

Akatabasamu kwa mdomo wangu. "Unyevu bado umo, dada," akasema, akaingia kwenye ukungu.

Jioni ile ukoo ulikaa kikao. Mama mkwe, aliyekuwa akiniita binti yake mbele za watu, alisema, "Mimi nimekuona na macho yangu haya. Sura yako naijua fijo, naijua sana." Nilieleza ukweli wote, nikaonekana mwendawazimu. Wakaamua nirudi Suma kwa baba yangu, nikalete ng'ombe wa kuosha ile aibu, ndipo niruhusiwe tena nyumbani. Mume wangu alinibebea mfuko mpaka barabarani. Akaniambia atanisubiri.

Baba alimtoa ng'ombe bila maswali mengi. Mimi na kaka yangu tukamswaga mpaka Mpuguso, na tulipoingia uani tukamkuta Subilaga amekaa kwenye kigoda changu, na uso wangu, anamenya ndizi. Kaka alimtazama, akanitazama, kamba ikamtoka mkononi. "Dada, wewe ni yupi?" Mama mkwe akajishika kichwa. Watu wote wakamgeukia mume wangu, kwa sababu nani amjuaye mke kama si mumewe?

Alitutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaja kwangu, karibu kabisa, akainamia sikio langu. Moyo wangu ukatulia. Nilijua nimeokoka.

"Najua ni wewe," alininong'oneza. "Rudi tu kwenu. Yule hanigombezi."

Halafu akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu simjui."

Lakini ng'ombe wa baba ukoo ulimpokea.

Sasa naishi Suma. Maski sitengenezi tena, na kioo natazama kwa kuiba, nikishachana nywele basi. Watu huniambia waliniona kanisani Mpuguso, nimependeza, nimekaa na mume wangu kwa furaha. Mwanzoni nilikuwa nabishana nao, siku hizi nawaacha. Maski zenye kipimo cha uso wangu bado zinauzwa Tukuyu, na nasikia wanawake wanazisifia jinsi zinavyokaa vizuri.

Kwa hiyo wewe unayeujali uso wako, nisikilize. Kitambaa ulichokivua usoni kichome moto mwenyewe, usimwachie hata pacha wako. Na siku ukikuta mtu amevaa sura yako, usimalize machozi yote kwa ajili yake. Subilaga nilimlaani mpaka nikachoka, na yeye alichukua uso tu. Aliyenitambua, kisha akanikana, ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja.