Karabai ya Baba na Senene wa Mama

Jumamosi jioni baba yangu alinuka mafuta ya taa, samaki na grisi ya baiskeli, na sisi watoto tulimpenda zaidi akinuka hivyo kuliko alivyonukia udi siku ya Ijumaa. Siku nyingine za juma alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambulia pamba mjini Mwanza, mtu wa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu, aliyetoka nyumbani kwetu upande wa Ilemela jua halijapanda na kurudi na nyuzi za pamba zimemng'ang'ania masikioni. Lakini Jumamosi mchana ilikuwa yake mwenyewe. Alivua viatu, akachukua ufito wake wa kuvulia wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, alioununua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akaenda kukaa juu ya majabali yaliyoingia ziwani. Alikaa huko mpaka jua lilipokaribia kuzama, peke yake, akiimba kwa sauti mbaya. Mara nyingi alirudi na furu wachache wadogo ambao paka tu ndiye aliyewachukulia kwa uzito. Mama aliwakaanga, na baba aliwala kana kwamba amevua ng'ombe.

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa vyombo vipya. Alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu kufunga taa ya dainamo kwenye baiskeli, na kwa majuma kadhaa alitupandisha kwa zamu, mimi na mdogo wangu Idi, ili tuone mwanga ukiongezeka kadiri alivyokanyaga. Alipoleta chupa ya kuhifadhi chai, alimimina chai asubuhi, akaifunga, akatukataza kuigusa hadi kesho yake. Kesho yake alitukusanya mkekani tukanywa chai ya jana kwa heshima zote, vuguvugu na chungu kidogo, huku yeye akitutazama usoni mmoja mmoja. Kila chombo kilichoingia nyumbani kilifunguliwa kwanza kwa bisibisi kionekane kilivyo ndani. Mama naye alikuwa na swali moja tu kwa kila kilichokuja. "Baba Zuhura," angemwuliza, "na hiki kinakula nini?" Alimaanisha betri, mafuta au spiriti, maana alikwisha jua kwamba hakuna chombo cha baba kilichoingia ndani bila kudai kulishwa. Baba alicheka, na mimi, Zuhura mwenyewe, nilicheka kwa sababu wao walicheka.

Mama alikuwa Mhaya. Alikuja Mwanza kwa meli kutoka Bukoba akiwa bibi harusi, na tangu hapo hakuwa mtu wa kutokatoka. Sokoni alikwenda baba. Maji tuliletewa. Wanawake wa jirani walimjia yeye uani, na nikimkumbuka namwona mara nyingi akiwa amekaa kwenye kibao, kichwa kimeinamia kitu fulani: mchele, shati, nywele zangu. Katika mwaka mzima kulikuwa na majuma machache tu ambayo alivunja mwenendo huo, nayo yalikuwa ya senene, wale panzi wanono wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka. Kwao Bukoba kuokota senene ilikuwa shughuli ya wanawake. Mke aliyepata wa kwanza aliwafunga kwenye jani la mgomba na kumwekea mumewe mbele. Naye mume, kabla msimu haujaisha, alitakiwa kumnunulia nguo. Baba hakuwa Mhaya. Babu yake alitoka Manyema na bibi yake alikuwa Msukuma, na yeye alizaliwa mjini, lakini desturi hiyo ya wakwe zake aliishika vizuri kuliko nyingine zote, kwa kuwa aliwapenda senene kupita kiasi.

Basi msimu ukifika, mama alisali alfajiri, akajifunga kanga kuukuu, akatuamsha mimi na Idi, tukaenda kwenye nyasi za upande wa Kiseke. Wakati huo huko kulikuwa mawe na nyasi tu. Senene hulala kwenye nyasi na baridi huwakaza viungo, hivyo kabla jua halijawapasha unawachuma tu kama mboga. Tulilowa umande hadi kiunoni. Walikuwapo wanawake wengine wa Kihaya waliotoka pande mbalimbali za mji, na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonishangaza kuliko dainamo: mama yangu alikuwa na sauti nyingine. Alizungumza Kihaya kwa kelele, akapandisha kanga magotini, akamtania mwanamke aliyekuwa mbali, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa mtoto wa maswali, nikamtazama kwa udadisi mkubwa. Tukirudi, kadiri nyumba zilivyokaribia, sauti ile ilipungua, na mlangoni alikuwa mama yule yule wa kila siku.

Mwaka tuliopata uhuru, senene walianza kuonekana mwezi wa Novemba, na baba alikuwa amenunua karabai. Ilikuwa taa kubwa ya shaba inayopigwa pampu, yenye kifuko chepesi cha kitambaa kinachowaka kweupe, na inayovuma muda wote. Mama alikaa nayo mbali. Hata swali lake la chakula aliliuliza akiwa mlangoni. Baba, ambaye macho yake hayakupumzika, alikuwa ameona kwamba bandarini, penye taa za umeme, senene walianguka chini wengi hata makuli wakawa wanawakanyaga. Jioni moja baada ya magharibi akatundika karabai juu ya mti uani, akaegemeza mabati mawili chini yake, na mwisho wa mabati akaweka pipa. Majirani walikuja kutazama. Mwanzo hakukuwa na kitu ila wadudu wa kawaida. Halafu tukasikia kishindo kidogo kwenye bati, na kingine, na baada ya muda ilikuwa kama mvua. Senene waligonga bati, wakateleza, wakaingia pipani, nasi watoto tukapiga kelele za furaha. Baba alisimama kando mikono kiunoni, uso wote unang'aa, sikumbuki kumwona akiwa na furaha kubwa hivyo.

"Mama Zuhura," alisema, "mwaka huu umepumzika. Hakuna tena kuamka alfajiri na kulowa umande."

Mama alikuwa akiangalia ndani ya pipa. "Kweli," alisema. "Nimepumzishwa."

Kesho yake aliwanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi na kitunguu, wakawa watamu kama miaka yote. Ila aliwaleta mezani katika sahani ya bati. Hakuna jani la mgomba. Baba alikula, akaisifu taa, akaeleza jinsi ya kuegemeza mabati ili senene wasiweze kupanda tena. Mama alisikiliza na kuitikia. Jioni nyingine ikafuata hivyo hivyo, na nyingine, na sisi hatukwenda nyasini. Mji ulikuwa ukijipamba wakati ule. Rangi za bendera mpya zilionekana kila duka, na uani kwetu wanawake walizungumzia kanga watakazovaa siku yenyewe. Mama aliinamia mchele wake. Mimi sikuweza kunyamaza. Nilimwuliza kama mwaka huu baba hatamnunulia nguo. "Ya nini?" akajibu. "Senene kawavua mwenyewe." Nikampelekea baba swali lile lile, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu. Alikuwa akisafisha kioo cha karabai kwa shati kuukuu. "Mama yako akitaka kanga aseme nimnunulie," alisema. "Mwezi ujao tunajitawala, Zuhura. Unataka mama yako aendelee kuinama nyasini ili apate nguo? Mimi nimemtua mzigo." Nilimwona ana haki kabisa. Na bado nyumba yetu ilikuwa imepoa kwa namna ambayo sikuweza kuieleza. Baba alileta pampu mpya ya baiskeli, na hakuna mtu aliyeuliza inakula nini.

Ndipo asubuhi moja mama akatuamsha gizagiza. Pipa lilikuwa limejaa uani, limefunikwa kwa gunia, nasi tukalipita tukaenda zetu Kiseke. Wanawake wenzake walimpokea kwa kelele, wakamwuliza alikuwa wapi, na sauti ile nyingine ikarudi mara moja, ikawa na hasira kidogo ndani yake, kisha hasira ikaisha ikabaki sauti tu. Alituimbia mimi na Idi wimbo wa kwao, akatufundisha kumshika senene nyuma ya shingo asitutemee. Jua lilipopanda tukaketi juu ya jiwe kukausha nguo zetu, na mama hakuonyesha haraka ya kurudi. Nyumbani, jioni, alichukua senene wachache, akawakaanga, akawafunga kwenye jani la mgomba, akamwekea baba mbele.

"Lakini tuna pipa zima," baba alisema.

"Hao ni wa karabai," mama alisema.

Baba alilitazama lile furushi la jani kwa muda mrefu, kama alivyotazama chombo kabla ya kukifungua. Hakuwa amekasirika, alikuwa na udadisi, na udadisi wa baba ulikuwa kitu kisichozuilika. Akatangaza kwamba kesho, kwa kuwa ni Jumamosi na ofisini ameomba ruhusa ya kuchelewa, atakwenda nasi ajionee mwenyewe. Sikuona mama akifurahi, lakini hakumkataza.

Alikuja na baiskeli, taa ya dainamo ikiwaka mbele yetu, na chupa ya chai kikapuni. Alizungumza njia nzima. Tulipofika, wanawake waliteremsha kanga zao, wakamsalimu kwa adabu, wakasogea mbali. Hakuna aliyepiga kelele. Baba aliokota senene mmoja, akamgeuzageuza, akauliza kwa nini hawaruki, akajijibu mwenyewe. Kisha akasema mtu angeweza kushona wavu mpana, akauwekea vijiti viwili, watu wawili wakaukokota juu ya nyasi, na kazi ya asubuhi nzima ikaisha kabla chai haijapoa. Alikuwa akipima urefu wa wavu huo kwa hatua zake wakati wanawake wa mwisho walipochukua vikapu vyao na kuondoka, mapema kuliko siku zote. Mama aliinuka, mkono kiunoni.

"Baba Zuhura," alisema kwa upole, "Jumamosi moja nikikufuata kule majabalini kwako, nikaketi kando yako, nikakwambia mshipi unautupa vibaya, utafurahi?"

Baba aliacha kupima. Niliona fahamu ikimwingia polepole, nikamwonea huruma, maana wavu ule na karabai ile na mabati yale yote aliyatoa moyoni, kwa kumpenda.

"Mimi nilidhani ni kazi," alisema.

"Ni kazi," mama alijibu. "Ni kazi yangu."

Baba akatumiminia chai mimi na Idi, akampa mama kikombe, akapanda baiskeli akaenda zake. Siku chache kabla ya uhuru alirudi na kanga mpya ndani ya karatasi ya duka, akaiweka mapajani mwa mama bila hotuba, jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kununua. Mama aliivaa siku ya sherehe, nasi tukaenda kutazama ngoma, baba mbele akitupasulia njia kwenye umati. Tangu hapo karabai iliwashwa kwa kusomea na kwa wageni. Wavu, hata hivyo, aliushona. Niliukuta darini miaka mingi baadaye tulipokuwa tukigawana vitu vyake, umekunjwa vizuri, haujawahi kugusa nyasi.

Leo Kiseke imejaa nyumba mpaka juu ya mawe, na sijui mtoto wa huko angeamini nini kuhusu umande. Senene wanavuliwa kwa balbu kubwa na mabati marefu, wanauzwa wamefungwa kwenye mifuko ya plastiki, na mume akiwataka anawanunua mwenyewe njiani. Sisemi tulikuwa na maisha bora. Mama angenicheka, yeye aliyepuliza moto wa kuni mpaka macho yakaharibika. Baba alikuwa sahihi kuhusu vyombo vingi sana. Pale alipokosea, nilikuja kupaelewa vizuri nilipofika umri wangu huu wa kupumzishwa.

Kwani watoto wangu wamerithi ugonjwa wa babu yao. Wamenifungia mashine ya kufulia, jiko la gesi, simu inayonionyesha wajukuu. Mwaka jana kijana wangu mkubwa aliona kwamba kila asubuhi natembea hadi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akaingiwa na huruma. Akaniletea friji kubwa la kugandishia, akalichomeka mwenyewe, akanifafanulia kila kitufe. "Sasa, Mama," akasema, "samaki wa mwezi mzima wanakaa humu. Huna haja ya kwenda tena." Nilimshukuru kwa moyo wote, na nilimaanisha. Nimelijaza maji ya kunywa na barafu za wajukuu. Asubuhi nikishamaliza kusali najifunga kanga, nachukua kikapu, nashuka mwaloni kununua samaki wa siku moja.