Gari la Teksi Katika Mbio za Kutwa

Dada yangu mdogo alijua kuendesha gari kabla hajafika umri wa kupata leseni. Aliyemfundisha ni baba yetu, dereva wa mabasi ya masafa marefu aliyekwenda Busia na kurudi Nairobi karibu maisha yake yote ya kazi. Mama alifariki tukiwa bado shule ya msingi. Jumapili ambazo hakuwa safarini, Baba alikuwa akiazima pikapu ya jirani pale Riruta, anatupakia baada ya kanisa na kutupeleka kwenye uwanja wa shule uliokuwa mtupu. Mimi injini ilinizimikia mara mbili nikaomba kushuka. Dada hakushuka mpaka giza lilipoanza kuingia. Baba alimwita "mama" kwa sababu dada alirithi jina la bibi yetu, mama mzazi wa Baba, na bado naisikia sauti ya Baba ikitoka dirishani: "Polepole, mama. Isikilize kwanza. Itakuambia inapotaka gia."

Tulipokua, nilisomea mambo ya kamera nikapata kazi Westlands, kwenye ofisi inayotengeneza matangazo ya biashara. Dada alinunua gari dogo la saluni, kuukuu lakini safi, akaingia kwenye teksi za kuitwa kwa simu. Alishinda akizunguka kati ya Westlands na katikati ya mji, na jioni nikitoka kazini alinipitia turudi pamoja. Nayapenda mambo aliyoniambia kwenye foleni ya magari. Gari likisimama, naye ulimi wake ulifunguka. Siku moja, tukiwa hatusogei mbele wala nyuma, akaniambia anataka kushiriki mbio.

"Mbio gani?"

"Za gari. Kuna zile za kutwa. Mnaanza asubuhi, mnazunguka mpaka jioni. Kuna kundi la gari za kawaida, vile zilitoka kiwandani. Huruhusiwi kuongeza kitu kwa injini. Unaweka tu mkanda wa mbio na zile vyuma za kuzuia paa isikuangukie."

"Na gari utatoa wapi?"

Akagonga usukani kwa kidole. "Si hii?"

Mimi ndiye niliyesema tuifanye filamu. Nilikuwa nimechoka kupiga picha sabuni na mafuta ya kupikia. Nilitaka filamu ya kweli, isiyo na waigizaji, kuhusu gari la teksi na mwenye gari hilo. Ofisi ikakubali niazime kamera wikendi.

Tatizo lilikuwa dereva wa pili, maana kanuni zilitaka madereva wapokezane. Dada akamwomba Baba, ambaye alikuwa amestaafu na sasa anashinda akirekebisha vitu vya nyumba ambavyo havikuwa vimeharibika. Baba alisema huo ni mchezo wa watoto wa matajiri, akaondoka mezani. Asubuhi iliyofuata nilimkuta kibarazani akipiga rangi viatu vyake vya kazi. Niliwasha kamera, na hiyo ndiyo picha ya kwanza katika filamu.

Siku ya mbio tuliondoka Riruta na gari lenyewe, pamoja na fundi wetu wa mtaani. Tulisimama Kinoo kunywa chai kwenye kibanda kando ya Waiyaki Way, gari likiwa limebandikwa namba kubwa mlangoni, na mwenye kibanda akatuuliza tunagombea kiti gani. Uwanja ulikuwa mbele zaidi, upande wa Bonde la Ufa: barabara iliyozunguka kilima, nusu lami, nusu vumbi jekundu. Magari mengine yaliletwa juu ya malori, yakateremshwa kama mayai. Letu lilijileta lenyewe. Tulifunga turubai kwenye mti wa mgunga, tukapanga ndoo za maji, tukangoja.

Dada alianza. Kwenye sehemu iliyonyooka kila mmoja alimpita, maana injini ile ilikuwa ya kubebea watu na mizigo yao. Lakini kwenye kona za mteremko aliwafikia. Alizama kwenye kona kabla wenzake hawajaamua, na ukimtazama kwa mbali ungedhani gari na barabara vimekubaliana jambo. Baba alisimama kando yangu, mikono nyuma, midomo ikisogea kila dada alipobadilisha gia.

Zamu ya Baba ilipofika, alirekebisha kioo, akafunga mkanda, akainamisha kichwa kuomba kimya kimya, kama alivyofanya kila mara kabla ya kutoa basi stendi. Kisha akaenda. Hakuwa na haraka hata kidogo. Aliendesha kana kwamba nyuma yake wamelala abiria na kuku wao. Jua lilipopanda, magari ya wenye haraka yakaanza kuchemka na kuegeshwa moja moja pembeni, na Baba akayapita bila hata kuyatazama.

Wakati wake ulikwisha. Dada akavaa helmeti, akasimama ukingoni akiinua kibao tulichoandika INGIA. Baba akapita. Akazunguka, akarudi, akatuona, akapunga mkono, akapita tena.

"Ananisalimia?" dada akaniuliza. "Huyu mzee ananisalimia?"

Mzunguko uliofuata alipunga tena. Kwenye filamu, picha hapo inatikisika kwa sababu nilikuwa nacheka. Dada alikuwa ameshusha kibao na kukaa juu ya ndoo, naye anacheka mpaka machozi yanamtoka ndani ya helmeti. Baba aliingia tu mafuta yalipokaribia kwisha. Alishuka shati likiwa limemganda mgongoni.

"Sikuona kibao," akasema.

"Baba, ulinipungia mkono."

"Nilidhani unanisalimia."

Fundi akajifanya anatafuta spana. Sijapata kumwona Baba na uso ule, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alikuwa kama kijana aliyerudi kutoka mahali alipokatazwa kwenda.

Alasiri dada akaingia na mvuke ukitoka chini ya boneti. Bomba la mpira la kupeleka maji kwenye injini lilikuwa limepasuka. Fundi alilikata palipoharibika, akalirudisha likiwa fupi, akalikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tukajaza maji. Fundi alisema litashika, ila injini isipate joto sana. Baba akainama dirishani.

"Fungua hita ya ndani, mama, yote. Joto likuchome wewe, lisichome injini."

Basi aliendesha hivyo, hita ikimpulizia usoni katika jua la alasiri, vioo vikiwa chini na vumbi likiingia linavyotaka. Kila alipopita niliona uso wake ukizidi kuwa mwekundu wa vumbi. Alimaliza. Waliomaliza nyuma yake walikuwa wachache sana, na hakuna aliyetuita kupokea chochote. Alipozima injini hakuweza kufungua mkanda, mikono ilikuwa imekufa ganzi. Baba alimfungua, akammwagia maji kichwani polepole, kama anavyooshwa mtoto.

"Mwaka ujao tena," dada akasema macho yakiwa yamefungwa.

"Mwaka ujao utaanza wewe," Baba akamjibu, "mimi nimalize."

Mwaka ujao wa namna hiyo haukuja. Dada alikuwa ameomba kazi ya kuendesha malori Kanada, zamani kabla ya mbio, na alikuwa ameshakata tamaa. Makaratasi yakakubaliwa. Hatukuwa na sababu ya kumzuia, na hakuna aliyejaribu. Alimwachia Baba funguo za gari, akaenda.

Nilibaki na filamu. Jioni, wenzangu wakishaondoka ofisini, niliketi mbele ya kompyuta nikikata na kuunganisha, huku nje taa za magari ya Westlands zikisogea kidogo kidogo. Kazi hiyo ingekuwa rahisi kama dada angekuwa amekaa chumba cha pili. Kuna vipande ambavyo havikuwa na kazi yoyote katika hadithi: anafunga kamba ya kiatu, anageukia kamera na kuuliza, "Umekula?" Nilivitoa kwenye filamu, lakini sikuweza kuvifuta. Wakati mwingine nilikaa nikicheza hicho kimoja. Umekula. Umekula. Kisha nilizima nikaenda nyumbani kwa teksi ya mtu nisiyemjua, ambaye hakusema neno mpaka Riruta.

Tulipoionyesha, katika ukumbi mdogo katikati ya mji, watu walicheka palepale tulipocheka sisi. Mwishoni mwanamke mmoja aliinua mkono akauliza dereva yuko wapi, asimame tumpigie makofi. Nikajibu kwamba yuko kazini.

Baba alikuwa ameketi mstari wa mbele, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya pazia la filamu. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imeshamnyang'anya sehemu kubwa ya kuona, na gari sasa naliendesha mimi, vibaya. Nilidhani filamu ile haitakuwa na maana kwake. Lakini Jumapili baada ya chakula aliniomba niiweke tena, na Jumapili nyingine pia. Anaisikiliza. Anajua kwa mlio kama ni yeye au ni dada, na wako kona ipi. "Hapo anashuka," ananiambia. "Sasa ya tatu. Ngoja. Amechelewa kidogo, lakini ataipata."

Juzi dada alipiga simu akiwa ameegesha lori kando ya barabara, theluji pande zote. Aliniuliza habari za kazi, kisha akaomba kuongea na Baba.

"Uko ndani ya gari?" Baba akamuuliza.

"Niko ndani."

"Washa nisikie."

Akawasha, akasogeza simu chini. Mngurumo ukajaa sebuleni kwetu. Baba aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hiyo ni kubwa," akasema.

"Ni kubwa sana, Baba."

"Na barabara?"

"Imenyooka tu. Unaenda siku nzima hakuna kona."

Baba akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe hapati chakula cha kutosha.

"Pole, mama," akasema.