Mtani Aliyekuja Kunizika Nikiwa Hai

Jambo lote lilinigharimu kitanda cha mninga, jogoo mmoja, na heshima kidogo mbele ya waendesha bodaboda wawili. Nimepiga hesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu, na mara zote mbili nimeona nilipunguziwa bei. Macho sikuyaweka kwenye hesabu hiyo. Hayo yaliondoka kabla, na hayakuniuliza kama nayauza.

Mwanangu, siku yenyewe naikumbuka kwa sauti zake, maana picha yake sina. Kilikuwa kiangazi, pamba imeshauzwa, upepo unakwaruza vumbi kwenye bati. Nami nilikuwa nimelala hapa hapa Bariadi, nimeugeukia ukuta, saa nne ya asubuhi, kama mtu aliyekesha shambani. Shamba sikuwa nimelikanyaga. Hata ua wangu mwenyewe nilikuwa sijaukanyaga tangu mvua zilipokatika.

Lazima nikueleze nilifikaje ukutani. Kwa miaka mingi niliandika safu gazetini, kila Jumapili, na mhariri akaipa jina la Jicho la Mtaa. Sikukataa. Laiti ningejua kwamba Mungu naye anasoma magazeti. Nilikuwa naandika vitu vya kuonekana: nani kapaka duka rangi mpya na amepata wapi fedha, sato wa Lamadi wamepanda bei kwa nini, mgombea gani kavaa viatu vipya kuja kutuomba kura kwenye matope. Watu walikuwa wakiniona sokoni wananyoosha mashati.

Kisha ikaja presha ya macho. Ugonjwa huu, mwanangu, hula kama panya kwenye gunia, huanzia pembeni, na wewe unaona katikati bado pamejaa. Ukija kushtuka, umebaki na gunia. Nilimficha mhariri, nikawaficha wasomaji. Nikawa naandika mji kwa kumbukumbu, Kabula mke wangu akishika kalamu, na nilijiona mjanja sana. Siku moja nikawasifu kina mama wanaouza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye banda la kituo cha mabasi, nikaeleza hadi kivuli cha banda kinavyowafunika. Msomaji mmoja akatuma ujumbe: "Mzee, banda lilibomolewa na kituo kimehamishwa. Wewe unaishi Bariadi ipi?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na banda. Mhariri alipiga simu kwa sauti laini, ile ya mtu anayekuaga huku anakusifu, akasema nipumzike. Nikapumzika hadi nikasahau kuamka.

Watu husema fulani ana huzuni, wakadhani analia. Mimi sikulia. Yangu ilikuwa kama godoro lililoloa: kulibeba huwezi, kulilalia huwezi. Mimi mtu wa hesabu nikawa najijumlisha kila siku, na kila nikijumlisha najikuta niko upande wa matumizi tu. Ikafika mahali nikatamani Mungu anichukue asubuhi moja bila kumsumbua mtu. Neno hilo sikulitamka kwa mtu yeyote, lakini Kabula alilisikia kwenye sahani nilizorudisha.

Alijaribu mambo mengi, maskini. Alileta wazee wa kanisa, wakaniombea vizuri. Alileta kaka zangu kutoka Nkololo, wakaniambia nijikaze, kana kwamba nilikuwa nimelegea kwa kupenda. Aliposhindwa, alifanya jambo ambalo mpaka leo namwambia lilikuwa la hatari. Alimwita Mzaramo.

Hapa pana desturi, na wewe uliyekulia kwenye simu huenda huijui. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani hana adabu kwako na wewe huna adabu kwake, na hakuna wa kukasirika. Kwenye msiba ndipo penyewe. Mtani ataingia wakati watu wanalia, atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, atabeba sufuria au kiti cha marehemu, na mwenye msiba itabidi akomboe. Wageni wakiona hushika vinywa. Sisi tunajua kwamba kilio kisichovunjwa humvunja mwenyewe.

Bi Pili ndiye mtani wangu. Aliletwa huku na serikali akiwa msichana, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, akasema atakaa mwaka mmoja arudi kwao Kisarawe. Mpaka leo hajarudi, na ameanza kumwambia kila mtu kwamba sisi ndio tulimkamata.

Basi siku hiyo nimelala, nikasikia kilio langoni. Kilio kirefu cha mwanamke, kile cha kuita majina. Nikasema moyoni, jirani gani tena? Kilio kikavuka ua, kikapita sebuleni, kikaingia chumbani kwangu na kikakaa kwenye miguu yangu.

"Msukuma wangu umekwenda! Ng'ombe ulioniahidi nitamdai nani?"

Nikamwambia sijafa.

Kilio kikakatika pale pale. Akamwuliza Kabula, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, hii maiti inaongea. Mliiosha vizuri?"

Kabula, mke niliyemwoa kwa ng'ombe wazima, akajibu kwamba maji yalikuwa ya shida.

Bi Pili akaanza kunisifu kama wanavyosifiwa marehemu. Akasema marehemu alikuwa mbahili kuliko mchanga wa kiangazi. Akinunua fungu la nyanya analihesabu mara mbili, halafu anaomba nyongeza, halafu anaihesabu na nyongeza. Akasema marehemu aliwaona watu wote wa mji huu isipokuwa mke wake. Akasema siku marehemu alipopoteza macho, alikasirika akafunga na mdomo, kama mtu aliyeibiwa mbuzi akaamua kuchoma zizi.

Neno hilo la zizi lilinichoma. Nikageuka. Nikamwambia, "Nyongeza ni haki ya mnunuzi."

Kabula akaniambia baadaye kwamba ile ndiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote kwa muda mrefu sana, na aliposikia ni ya nyanya, alitoka nje kwenda kulia kilio cha kweli.

Bi Pili hakulia. Alisema, "Marehemu hana haja ya kitanda," akaita. Wakaingia vijana wawili wa bodaboda aliokuja nao. Wakanikuta nimelala hapo, wakaona haya. Mmoja akasema, "Shikamoo mzee, samahani," nami kwa mazoea nikaitikia marahaba. Wakaniinua kwa shuka langu kama gunia la choroko, wakaniweka kwenye mkeka, wakabeba kitanda. Nilikisikia kikigonga mlango, kikigonga nguzo ya baraza, kikaondoka.

Nikakaa. Ni lazima ukae, mwanangu, mkeka wa chini una baridi na mbavu za mzee hazina subira. Nikamwuliza anataka nini. Akasema ng'ombe. Nikasema jogoo.

"Kitanda cha mninga kwa jogoo?"

"Mguu mmoja umelegea. Ungekikagua kabla ya kuiba."

Akacheka, nami nikasikia kitu kikitoka kifuani kwangu, kikavu, kama mlango uliokaa siku nyingi bila mafuta. Kilikuwa kicheko. Hakikudumu, lakini kilikuwa changu.

Kisha akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akazungumza bila utani. "Mtani, wifi ananiambia huli. Nimekuja kukulilia sasa kwa sababu ukifa kweli, mimi sitaweza kutania. Nitakaa nyuma kama mgeni. Usinifanyie hivyo."

Sikuwa na la kupunguza hapo. Bei nyingine, mwanangu, mtu huzikubali zilivyo.

Masharti yake yalikuwa mawili. Jogoo atamla yeye, hilo la kwanza wala halikuhitaji mjadala. La pili, kesho yake twende hospitali, kwa daktari wa akili, si wa macho. Nikasema mimi si kichaa. Akasema Wazaramo hawataniani na vichaa, ni kazi ya bure.

Tulikwenda, mimi katikati, yeye kulia, Kabula kushoto, kama mwizi wa mbuzi. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya polepole. Akasema ugonjwa wangu una jina, unaitwa sonona. Akasema unawapata wengi ambao macho yao yamekwenda, na wengi ambao macho yao ni mazima. Akasema macho hayatarudi, hilo hatanidanganya, lakini huu mzigo mwingine hupungua kwa dawa na kwa kuzungumza. Nikamwomba anipunguzie vidonge, tuanze na nusu. Akaniambia hapa si mnadani. Nikamheshimu.

Dawa zilichukua muda. Kwanza nilirudi kulala usingizi wa kweli, kisha siku moja nikanusa dagaa wa Kabula jikoni nikajikuta nauliza wataiva saa ngapi. Hivyo tu. Ilikuja kwa harufu, bila tarumbeta.

Lakini kitanda kilikuwa bado kwa Bi Pili. Nilipomkumbusha kwamba jogoo ameshaliwa, akasema jogoo alilipa mguu uliolegea, mitatu bado. Atakirudisha, akasema, siku nitakapomaliza kumsimulia maisha yangu yote, yeye akiyapiga chapa, maana amechoka kusoma ya mitaani na anataka kujua mtu gani huyu alikuwa anatuchungulia. Nikamwambia mimi kipofu, nitaandika nini? Akasema, "Ya zamani uliyaona kwa macho gani, haya ya leo?"

Jibu lilikuja na sauti ya baba yangu.

Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza. Baba alinipeleka mnadani Nkololo, akaniambia nichague dume. Nikachagua moja lenye tumbo la mviringo, ngozi inang'aa kama chungu kipya, na nikaanza kabisa kupatana bei, nikijiona mwanaume. Baba akanishika bega. "Fumba macho," akasema, "umshike." Nikaona aibu, watu wanatazama. Akasema tena, kwa Kisukuma sasa, na baba yangu hakuwa mtu wa kurudia mara tatu. Nikafumba. Nikapitisha mkono. Nundu ilikuwa tepetepe, mbavu zimejipanga kama fito za boma, na lile tumbo lilikuwa likicheza chini ya kiganja. Lilikuwa maji. Walikuwa wamemlambisha chumvi na kumnywesha kisimani alfajiri. Baba akaniambia, "Macho ndiyo ya kwanza kuhongwa. Mkono huchelewa, lakini hauli rushwa."

Nilimsimulia Bi Pili hayo, na hapo ndipo kitabu kilipoanzia. Nikagundua kwamba ujana wangu wote upo kwenye viganja, puani na masikioni: uzito wa pamba ikiwa na umande, harufu ya samadi mvua ya kwanza ikinyesha, mama akikoroga ugali. Na nikapata nafuu nyingine ambayo sikuitarajia. Mji wa leo ukiuandika bila kuuona, wataubomoa nyuma ya mgongo wako. Lakini kituo cha mabasi cha ujana wangu hakuna mwenye kibali cha kukihamisha. Kuvunjika koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Zipo asubuhi ambazo lile godoro bado hurudi limeloa. Sikufichi. Siku hizo nameza dawa, nakaa barazani na Kabula, nasubiri likauke. Sasa najua hukauka.

Kitabu tulikimaliza msimu huu wa mavuno. Kitanda kilirudi kimebebwa na vijana wale wale, na Bi Pili akadai kwamba ametengeneza ule mguu, niulipie. Nimeukagua kwa mkono. Bado umelegea.

Basi, mwanangu, sikia ninalokuambia. Mwili ukianza kukukimbia, sema mapema. Aibu ya kusema ni ya siku moja, ya kuumbuliwa hudumu. Moyo ukiwa mzito usio na sababu unayoweza kuitaja, huo nao ni ugonjwa, una daktari wake na dawa zake, na usizipunguze kwa bei ya mnadani. Kazi ikikufia mkononi, shika iliyo ndugu yake. Na usiufunge mlango wako kiasi kwamba mtani hawezi kuingia na kilio chake cha uongo. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona kwa mgeni aliyekuja kuniibia.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, zizi lisilokauka sauti, na mtu mmoja wa kukulilia ungali unasikia.

Sasa nami nakuomba ushauri, na unijibu kama mtu mzima. Bi Pili amestaafu. Wiki hizi, Kabula ananiambia, anakaa kwenye kochi tangu asubuhi, pazia limefungwa, televisheni inaongea peke yake. Juzi nilimtania kuhusu Wazaramo na uvivu wa jembe, akaniambia, "Niache mtani, nimeshazeeka." Sauti ile naijua, niliwahi kuitumia mimi. Deni la namna hii hulipwa kwa namna ile ile. Vijana wa bodaboda wako langoni, na Kabula ameshajifunga kanga kiunoni anajaribisha kilio. Nishauri upesi basi: tuanze kubeba kochi, au televisheni?