Kompyuta Isiyo na Mlango wa CD

Marsiana Kasongo aliongoza nyimbo katika kwaya ya parokia moja ya Buzebazeba tangu usichana wake hadi alipopasuliwa tezi la shingo. Tezi lilitoka, sauti ikaondoka nalo. Tangu hapo huongea kwa mnong'ono wenye mikwaruzo, na pale sokoni anapouza dagaa, wateja humwinamia ndipo wamsikie. Wasiomjua hudhani anaringa.

Kabla ya kupasuliwa alikuwa ametunga wimbo mmoja. Mdogo wake, Emmanueli, aliondoka Mwamgongo na boti ya mizigo, upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Boti ilipatikana, wenzake wawili walipatikana, yeye hakuonekana. Hapakuwa na mwili wa kuosha wala kaburi la kupandia msalaba. Basi Marsiana akamlilia kwa kuimba: “Emmanueli, garuka, ziwa limetulia.” Garuka, kwa Kiha chao, ni rudi. Ulikuwa wimbo wa polepole, hauna ngoma wala kinanda, na kanisa zima lilikuwa likinyamaza anapouanza. Kwaya ikaurekodi kwenye CD pamoja na nyimbo nyingine, nakala zikauzwa pale nje baada ya misa, watu wakazisikiliza mpaka zikakwaruzika na kutupwa. Ya kwake aliifunga kwenye kipande cha kitenge, akaiweka sandukuni.

Alipokwisha kukaa pembeni, akaja mwalimu mpya wa kwaya, Meshack, kijana mchangamfu anayejua kupiga kinanda na kupendwa na watu. Akauchukua wimbo ule, akautia ngoma na vigelegele, akampa binti mmoja mwenye sauti tamu, Diana, auongoze. “Garuka” likawa “shuka”. “Ziwa limetulia” likawa “twakungoja”. Kilio cha Emmanueli wa Mwamgongo kikageuka wimbo wa Noeli, na Emmanueli akawa Masiya. Video yake ikawekwa mtandaoni, ikavuka mpaka, ikapendwa hata Burundi, na chini yake pameandikwa: mtunzi, Mwalimu Meshack.

Marsiana aliusikia kwanza kwenye simu ya jirani yake sokoni. Alidhani masikio yanamdanganya. Jumapili iliyofuata akamngoja Meshack nje ya kanisa.

“Mwalimu, wimbo ule ni wa mdogo wangu.”

“Mama, wimbo wa kwaya ni wa kwaya,” alisema Meshack, kwa adabu kabisa. “Na ule wa zamani, kusema kweli, nani anaukumbuka?”

Mwaka huu kwaya ikaandaa jubilei. Padri akatangaza kwamba yeyote mwenye kumbukumbu za zamani azipeleke ofisini, zitaonyeshwa ukumbini. Marsiana akafungua sanduku lake.

Ofisini alimkuta katibu wa parokia, Pastory, amekaa mbele ya kompyuta mpya ya mezani, nyeusi, inang'aa, kasha lake jembamba kama kitabu cha misale.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nimeleta hii.”

Pastory aliigeuzageuza ile CD kama mtu aliyepewa sarafu ya Mjerumani. “Mama, hii kompyuta haina mahali pa kuiingizia. Za siku hizi hazina mlango wa CD.”

“Kwa nini waliutoa?”

“Hauhitajiki. Unakula nafasi bure. Kila kitu sasa kiko kwenye simu, kwenye flashi, mtandaoni. Nani bado anatumia CD?”

“Mimi.”

Pastory akacheka kidogo, si kwa ubaya. Marsiana akauliza ile kompyuta ya zamani iko wapi. Ilikwishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Je, hakuna kifaa cha kuchomeka pembeni? Kipo, alisema Pastory, lakini mpaka kiagizwe Dar es Salaam, na kamati haiwezi kuagiza kifaa kwa ajili ya CD moja. Meshack, aliyekuwa akipanga ratiba ya sherehe kwenye meza ya pili, hakuinua kichwa.

“Tusirudi nyuma, mama,” alisema. “Dunia imeshahama.”

Ni rahisi kusema dunia imehama kama wewe mwenyewe hukuacha kitu kule ilikotoka.

Deki ya nyumbani kwake ilikufa zamani, na hata ingekuwa nzima, ingemwimbia yeye tu pale sebuleni. Alichotaka ni wimbo utoke kwenye CD, uingie kwenye flashi, ili usikike ukumbini. Akapita kwa mafundi wa mjini, akashuka mpaka Ujiji. Wengine walimwambia waliacha kazi hizo. Mmoja alikuwa na kompyuta yenye mlango, ila ulikuwa umekwama, na ndani yake mende wamezaana.

Hatimaye akamkumbuka Jeremia, aliyekuwa akiimba besi katika kwaya ile, ambaye sasa anafundisha Simbo. Akapanda bodaboda. Shuleni kwao, kwenye chumba cha walimu, kulikuwa na kompyuta kuukuu, njano kwa uzee, ambayo hakuna aliyekumbuka kuitupa. Jeremia alibonyeza, mlango ukatoka taratibu kama ulimi wa mgonjwa. CD ikaingia. Ikanguruma, ikakwaruza, ikanyamaza, ikanguruma tena.

Kisha Marsiana akajisikia anaimba.

Alikuwa ameisahau sauti ile. Aliziba mdomo kwa kanga, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Jeremia alikuwa amegeukia dirishani.

“Dada,” alisema, “hii wakiisikia watanyamaza wote.”

Siku ya jubilei Marsiana alimkabidhi Pastory flashi mkononi, akaketi safu ya tatu, amevaa kitenge kipya. Historia ya kwaya ikasomwa. Meshack akapanda jukwaani kueleza jinsi nyimbo zilivyokua, na alipofika kwenye ule wimbo akampa ishara fundi mitambo. Sauti ya Marsiana ikatoka kwenye maspika, nyembamba, yenye mikwaruzo ya CD. “Emmanueli, garuka...” Meshack hakunyamaza, aliendelea kuongea juu yake. “Mnasikia? Ndivyo tulivyoanza, ndugu wapendwa, bila hata kinanda!” Ukumbi ukacheka. Kabla ubeti haujaisha, ukakatwa.

Mama mmoja wa kiti cha mbele akamgeukia mwenzake. “Nani huyo anajaribu kuimba wimbo wa Diana?”

“Ni mimi,” alisema Marsiana. “Ni wa kwangu. Ni wa mdogo wangu.”

Hawakugeuka. Kwa mnong'ono wake, na ngoma zilizokwisha kuanza, angewezaje kusikika? Diana alikuwa ameingia na wenzake, sare za bluu, tabasamu tele, na ukumbi mzima ukasimama. “Emmanueli, shuka!” Watu wakapunga vitambaa. Jirani yake wa sokoni akamshika mkono kwa furaha, akamvuta ainuke. “Simama, mama, usikae kama uko matangani!”

Marsiana akasimama. Akacheza. Kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo yanahitaji sauti.

Jeremia, aliyekuja kutoka Simbo kwa ajili ya kuushuhudia ukimya ule, alitaka kwenda kwa padri siku ileile. Marsiana alimzuia. “Uende ukaseme nini? Wameupiga. Kamati itakwambia waliupiga.”

Hakurudi tena kusali pale. Na Noeli inapokaribia, maduka yote ya pale sokoni yanapoufungulia wimbo ule tangu asubuhi, hufunika dagaa wake kwa nailoni na kwenda nyumbani, hata kama wateja bado wapo.