Sijaona Afumua Shati la Mngoni

Sijaona ni fundi cherehani wa Bungu, pale barabarani, na mtu akikuambia kuna sketi ya shule iliyomshinda, huyo anamsingizia. Kilichomshinda ni Historia. Kichwa chake kinashika vipimo vya viuno vya nusu ya kata, lakini mwulize sababu sita za ubeberu: atataja mbili, ya tatu ataitunga.

Ana miaka arobaini na mitatu na shule aliiachia kidato cha pili. Chuo kimoja cha ufundi kiliona kazi yake, kikamtaka akafundishe ushonaji, ila kikadai cheti cha kidato cha nne. Basi akajiunga na darasa la jioni. Limebaki jaribio moja: kila mmoja asimame aeleze jinsi viwanda vya Ulaya vilivyoleta ubeberu na kubadili maisha ya Waafrika. Atakayeshindwa haingii kwenye orodha ya watahiniwa, asubiri mwakani. Na chuo hakisubiri.

Mwalimu wake, Agapiti, ni Mngoni wa Songea. Sijaona ni Mmatumbi. Yaani ni watani, na utani wao hauna likizo.

"Haya, Mmatumbi," alisema Agapiti siku ya jaribio, "simama ututapikie ulichokariri. Ukikwama usilie."

Sijaona akasimama. "Sababu ya kwanza, malighafi. Ya pili, masoko. Ya tatu..." Hapo kukawa giza. Wenzake wakaanza kucheka chini chini. Aliona kabisa chuo kinavyomponyoka, na hofu ikageuka hasira. Sijaona akipandwa na hasira hurudi kwenye kazi yake: nguo asiyoielewa huifumua.

"Mtani, vua shati."

"Nini?"

"Vua. Mtani hanyimwi."

Darasa likapiga makofi. Maskini Agapiti angefanyaje? Akavua, akabaki na fulana ya ndani. Sijaona akalitandaza shati mezani, akatoa wembe pochini, na kabla mwenyewe hajatahamaki, mkono wa kushoto ulikuwa umeachana na bega.

"Uzi huu," alisema akiuvuta, "zamani watu waliusokota kwa mkono kutwa nzima. Ikaja mashine. Mashine ina njaa, inataka pamba, na kwao Ulaya pamba haioti. Ndo wakaja kwetu na bunduki. Babu wa bibi yangu, kule milimani, alilimishwa pamba kwa viboko, shamba lake mwenyewe likaliwa na nguruwe. Halafu nguo iliyofumwa kwa pamba ileile akauziwa yeye! Siku moja wazee wakachoka, wakaing'oa ile pamba. Vita ikaanzia hapo, Umatumbi."

"Mkatuponza sisi," Agapiti akadakia. "Wazee wetu wakanyongwa Songea."

"Nani aliwaita?" Sijaona alishasahau kuogopa. "Zamani mkija mlikuja kutuvamia. Safari ile mkasimama upande wetu. Wajukuu walipodai uhuru, walishajua nani mwenzao. Sisi tulijuana kwenye kipigo, mtani."

Miaka kumi na miwili Agapiti alikuwa akifundisha mada ile kwa namba, moja mpaka sita, na hakuwahi kumwona humo baba wa babu yake, aliyenyongwa. Machozi yakamlengalenga, akasingizia chaki.

Ndipo akaingia Mama Rozalia, msimamizi wa darasa, kuchukua orodha. Akamkuta mwalimu na fulana ya ndani, na mkono wa shati mkononi mwa mwanafunzi.

"Mwalimu Agapiti! Kuna nini?"

"Tunasoma ubeberu, mama."

Agapiti akachukua kalamu, akaandika jina la Sijaona juu kabisa ya orodha, kwa herufi kubwa. Sijaona akalisoma mara mbili, kisha yeye aliyeambiwa asilie akalia kwelikweli, huku anacheka.

Alitaka kulishona shati palepale, lakini Agapiti alikataa. Alilivaa vilevile, akapita nalo barabara nzima ya Bungu, bega nje, na kila aliyemcheka alisimamishwa akasimuliwa habari za mzee mmoja wa Kingoni.