Alichosoma Mzee Mlangoni

Swali lililoninyima usingizi Jumamosi ile na Jumapili yake lilikuwa fupi: nikinyamaza, nani atajua?

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nikapangiwa kazi ya ghala kwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa, Temeke. Mafuta ya boila yalikuwa yameadimika, wakubwa wakaamua tuchemshie maji kwa makaa ya mawe, yaliyokuja kwa treni kutoka Mbeya. Yakatafutwa makontena matatu ya meli yaliyochakaa, mafundi wakayakata tundu paani. Kontena lilijazwa stesheni, likabebwa na lori, likashushwa uani kwetu likiwa zimazima, na hapo hapo likawa ghala.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika milangoni kilichomo ndani, maana kando yake lilikuwapo kontena jingine, la mkaa wa jikoni. Kazi ya dakika tano niliifikiria siku mbili. Nikiandika "makaa" tu, watu watachanganya na mkaa. Nikiandika "makaa ya mawe", je, hatatokea mtu akadhani ni mahali pa kutupia mawe? Nikaona bora nitaje matumizi: makaa ya kuwashia moto. Mlango wa kwanza haukutosha maneno yote. Nikafupisha, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: MAKAA YA MOTO. Nikarudi ofisini nimeridhika.

Zamu ya mchana getini alikuwapo mzee mmoja wa kusini, kibarua, aliyechoma mkaa miaka mingi kwao kabla ya kuja mjini. Alikuwa amemaliza masomo ya watu wazima, na tangu hapo hakupitwa na neno. Alisoma magunia, makopo ya rangi, namba za malori, kwa sauti, akifuatisha kwa kidole.

Jumamosi mchana, watu wakiwa wameshatoka, akausoma mlango wangu. Akagusa bati, likamchoma. Lilikuwa jua tu, lakini yeye angejuaje? Kwa mchoma mkaa, makaa ya moto ni makaa yanayowaka, na yakifungiwa ndani yanaweza kuteketeza kila kitu. Akavuta mpira wa maji, akapanda juu, akamwaga tunduni mpaka maji meusi yakatokea chini ya mlango. Mimi nilikuwa nimechelewa ofisini; nikitoka, nilimkuta amelowa hadi kiunoni, uso umetulia.

"Nimeyawahi, mwanangu," akaniambia. "Yangelala na moto wake humo, kesho tusingekuwa na kiwanda."

Nikautazama mlango, nikaelewa. Nikamwambia ahsante, nikaenda zangu Keko kwa shangazi, ambaye aliniona sili akasema mie hata chumvi naifikiria mara mbili. Jumapili nzima nilikuwa nikijitetea kimoyomoyo. Msimamizi aliuona mlango, mbona hakusema? Mzee angeuliza kwanza. Tena mie niko kwenye majaribio, barua ya kuthibitishwa sijapata.

Jumatatu fundi wa boila akafungua mlango, tope jeusi likamshukia miguuni. Kufikia saa nne uwanja mzima ulikuwa unamwita mzee Zimamoto, wakimuuliza king'ora chake amekiacha wapi. Mwanzoni alicheka nao. Kisha ikaja habari kwamba meneja anamtaka, na kila mtu alijua kibarua akiitwa ofisini anatoka na nini. Wakaacha utani.

Alinipitia mlangoni pa ghala, kofia mkononi. Nilidhani ataniomba nimsemee abaki na kazi.

"Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Hebu niambie kweli. Nilisoma vibaya? Maana kama nilisoma vibaya, nimwambie mwalimu anirudishe kitabu cha kwanza."

Nikafunga daftari, nikamwambia twende wote.

"Shikamoo, Ndugu Meneja," nikasema kabla hatujakaribishwa kukaa. "Mzee alisoma sawasawa. Aliyeandika vibaya ni mie."

Nikaeleza yote, hata habari ya mawe. Mzee alikuwa ananitazama mie, si meneja. Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua gunia. Meneja akasogea dirishani, akausoma mlango. Halafu akamuuliza fundi wa boila, aliyekuwa ameitwa naye, kama makaa yale yakikauka yatawaka. Fundi akanuna kidogo, akakubali kwamba yatawaka.

"Basi yaanikwe," akasema meneja. "Mzee, rudi getini."

Ikawa ndiyo hukumu yote. Nilitoka nje karibu nicheke kwa nafuu. Hakuna aliyeniamuru, lakini nilivua viatu vya ofisini, nikakunja suruali, nikamwomba fundi beleshi.